Maziwa ya Jirani

Kwetu Fizi paka hanywi maziwa. Nikisema kwetu nina maana ya kandokando ya Ziwa Tanganyika, nilikokulia mimi. Paka wetu alikula ndagala, alikula vichwa vya mikebuka, na siku wavuvi waliporudi mikono mitupu alikwenda kujitafutia panya. Maziwa ya ng'ombe yalikuwa kitu cha watu wa juu, wa milimani. Paka anayelamba maziwa kwenye kisahani nilimwona mara ya kwanza katika kitabu cha shule, amechorwa na utepe shingoni. Nikaamini, maana kitabu kilisema.

Tulivuka Bunagana mwaka 2019, mimi na watoto watatu, binti yangu mkubwa na mapacha. Tukaletwa Nakivale, wilaya ya Isingiro, nchi ya Wanyankole na ng'ombe wao wa pembe ndefu. Huku maziwa yanapita barabarani kila asubuhi, yamefungwa kwenye madumu juu ya pikipiki. Nilipopewa kiwanja, jirani wa ubavuni akawa mama mmoja Mnyamulenge, mkubwa kwangu, kutoka upande wa Minembwe. Wasomaji wa kwetu hawahitaji maelezo zaidi. Wengine mjue tu kwamba Minembwe iko juu ya Fizi, na kati ya watu wake na watu wangu damu imemwagika, kila upande una makaburi yake na hesabu yake.

Miaka miwili tulisalimiana kwa mbali. "Mama, jambo." "Jambo, Mama Mapasa." Basi.

Kisha mtoto wake wa kiume akanunua ng'ombe, ng'ombe akazaa, na siku moja mama huyo akasimama mlangoni pangu na kikombe kimejaa maziwa. Kwao maziwa hukatai. Hilo nilijua, nikanywa mbele yake mpaka chini. Usiku ule sikulala. Tumbo lilinguruma kama gari ya mizigo na chooni nilikwenda mara nne. Asubuhi akaleta tena. Nilishukuru, nikapokea, nikaingia nayo ndani. Kumwaga niliona dhambi, kunywa niliogopa.

Wakati huo tulikuwa na paka tuliyemwita Polisi, kwa sababu alilinda mahindi yetu. Anayehifadhi mahindi ndani ya nyumba ya udongo anajua panya wanaweza kumaliza nini kwa mwezi mmoja. Polisi alikuwa ameuawa na mbwa wiki ileile, akatuachia watoto watatu wa kama mwezi mmoja. Walilia usiku kucha. Nikakumbuka kitabu cha shule. Nikamimina maziwa kwenye kifuniko cha sufuria, wawili wakalamba kwa pupa mpaka tumbo likawa kama mpira. Wa tatu, mweupe, alikataa kabisa. Binti yangu akamhurumia, akawa anaponda ndagala na maji ya uvuguvugu, anamlisha kwa kidole.

Wale wawili walianza kuhara siku ya pili. Nami nikazidisha maziwa, nikidhani wanakosa nguvu. Siku ya nne asubuhi tuliwakuta wamekauka kwenye gunia, na mapacha wangu wakalia mpaka wakakataa uji.

Nilichofanya baadaye naandika bila kujitetea. Nilikwenda bombani, na mwenzangu wa kwetu aliponiuliza kwa nini nimenyong'onyea, nikamwambia ukweli mtupu: maziwa ya jirani yaliniumiza tumbo, na paka wawili waliokunywa wamekufa, na yule ambaye hakunywa yuko mzima. Sikutaja sumu. Sikuhitaji kutaja. Mtu wa Kivu ukimpa maneno hayo matatu, la nne anajiongezea mwenyewe.

"Si nilikuambiaka?" alisema. "Ule mama iko na kitu. Minashukuru Mungu haukuendelea kunywa."

Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika sokoni, imekuwa karuho, na paka wawili wamekuwa paka watano. Watu waliokuwa wakinunua maziwa ya mtoto wake wakaacha. Siku chache baadaye nikasikia vijana wawili wanasema watakwenda kumuuliza yule mama usiku. Wanajua wenyewe kuuliza kwao kukoje. Na mimi nilinyamaza. Yeye hakuleta maziwa tena, alipita mbele ya nyumba yangu na jembe begani, hajibu salamu, wala mimi sikuitoa kwa sauti ya kusikika.

Wiki ya pili wakaja watu wa mifugo kuchanja mbwa, chanjo ya kichaa. Binti yangu akambeba yule paka mweupe akaenda kupanga mstari katikati ya mbwa. Kijana wa chanjo akacheka, akamshika, akasema ni mzima. Mtoto akamuuliza kwa nini ndugu zake walikufa. Alianza kusimulia, na mwanaume huyo hata hakungoja amalize.

"Maziwa ya ng'ombe," alisema.

Alitueleza kwa Kiswahili chake cha Uganda. Ndani ya maziwa mna sukari inayoitwa laktosi. Ili tumbo liivunje linahitaji kimeng'enya chake, na mtoto wa paka anacho kwa ajili ya maziwa ya mama yake, lakini kinapungua kadiri anavyoacha kunyonya. Sukari isipovunjwa inakaa utumboni, inavuta maji, mnyama anahara. Mkubwa anaweza kuvumilia, mwingine analamba kidogo na hapati neno, ila hayahitaji: maji yanamtosha. Mtoto wa mwezi mmoja hafiki nusu kilo. Akihara siku mbili, maji yote ya mwili yamekwisha. Tena maziwa ya ng'ombe yana kama nusu tu ya protini iliyo katika maziwa ya paka, kwa hiyo hata yale yanayobaki tumboni hayamshibishi. Na mabichi, yasiyochemshwa, yanaweza kubeba vijidudu juu ya hayo. Samaki wa kupondwa alikuwa chakula kizuri zaidi kwa umri ule, alisema, akampigia binti yangu saluti.

Nikamuuliza, na mtu mzima je? Akaniangalia. "Watu wengi wako hivyo, mama. Wale ambao mababu zao hawakuishi kwa ng'ombe, wengi wao. Si ugonjwa."

Nilimwomba ayarudie yote bombani. Akaja, akarudia, watu wakasikiliza. Wengine waliamini. Mwenzangu alisema, "Muganga anasema yake," akajitwika ndoo yake akaenda. Wale vijana wawili niliwatafuta mwenyewe kwa wazazi wao, nikasema mwenye makosa ni mimi.

Kwa jirani nilikwenda jioni. Hakunikaribisha kukaa. Nikasimama hapo uani, nikamweleza kuanzia usiku wa tumbo mpaka bombani. Nilifikiri atauliza habari ya sumu.

"Ulipatia paka maziwa yangu?"

"Ndiyo, Mama."

Alikaa kimya muda mrefu. Ng'ombe alikuwa amefungwa nyuma yake, anacheua.

"Ile ya kwanza kabisa nilikuletea mbele ya mtoto wangu," alisema. "Ungesema tu tumbo haitaki."

Ilipita karibu mwezi mzima. Kisha akaja na mashanza katika kikombe kilekile, kidogo, nusu, akasema yaliyoganda sukari yake inapungua, wao wanajua hivyo bila muganga. Alisimama akiniangalia nikinywa. Usiku nililala.

Wateja wa mtoto wake hawajarudi wote. Paka mweupe amekua, analinda mahindi, na saa ya kukamua anaruka ua anakwenda kukaa mbele ya ndoo ya yule mama. Namsikia huko akimfukuza kwa Kinyamulenge.