Waasisi Wetu Ni Nani?

Mwulize kijana yeyote wa mjini ni nani waliounda Marekani, hakosi majina. George Washington, rais wa kwanza, 1789. Thomas Jefferson, aliyeandika Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Benjamin Franklin tunamjua hata sisi tusiowahi kushika noti yake ya dola mia. Haya, sasa mwulize ni nani waliounda Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa. Ataguna tu. "Ah, kule! Kule si kahawa na dagaa?"

Mimi ni wa kule, msomaji. Baba yangu Mngoni, mama yangu Mmatengo wa milimani. Kwa hiyo swali hili kwangu si la mtihani. Ni la damu.

Nianze na upande wa baba. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakiongozwa na Zwangendaba, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835. Alipofariki huko Ufipa, watu wake walitawanyika, na baadhi yao wakateremka hadi huku kwetu. Kwao ndiko alikotokea Songea Mbano, nduna ambaye makao makuu ya mkoa wetu wa Ruvuma yanaitwa kwa jina lake. Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 kwa ajili ya Vita vya Majimaji. Kila Februari 27 mashujaa wale hukumbukwa pale Songea. Baba akilitaja jina hilo hukaa wima kitini.

Lakini bibi mzaa mama naye alikuwa na historia yake. Kabla ya Mjerumani, aliyekuwa akitisha kule milimani ni Mngoni mwenye mkuki na ngao. Wamatengo walipanda juu zaidi, wakajificha kwenye mapango na majabali. Waliokamatwa, wengine waligeuzwa askari wa Wangoni, wengine waliuzwa kwa misafara ya Kilwa. "Huyo ni shujaa wenu, mkwe wangu," bibi alimwambia baba siku moja, sauti ya chini kabisa. "Sisi tulikuwa tunawakimbia." Baba hakujibu. Angejibu nini?

Sasa mrudie Jefferson. Aliandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa, na katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Wamarekani wanabishana juu yake mpaka leo, na hawajalifuta jina lake. Basi na mimi nimwite Songea shujaa, maana alikufa kwa kumkataa mkoloni, na papo hapo nisimnyamazishe bibi. Historia inayomtaka mmoja wao anyamaze siitaki.

Kule ziwani nako kuna jina. William Percival Johnson, mmisionari Mwingereza, alikuja Afrika mwaka 1876 akaishi miaka mingi kandokando ya Nyasa, macho yake yakiwa karibu kupofuka kabisa. Alitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Alifariki mwaka 1928, akazikwa Liuli, ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Simnyimi sifa zake. Lakini jamani, Kinyanja hakuzaliwa nacho! Kuna watu waliomfundisha neno kwa neno. Hao mbona hatuwataji?

Na hapo ndipo ninapomkuta mwasisi wangu mimi. Wamatengo waliobanana milimani walipaswa kula, na mlima ule umesimama kama ukuta. Mvua moja tu, udongo wote bondeni. Wakabuni ngoro. Mwanamume anafyeka majani, anayalaza kwa mistari inayokatana mpaka yatokee maumbo ya mraba. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba, udongo anaufukia juu ya majani. Pembeni panakuwa tuta la kupanda maharage, na mwaka unaofuata mahindi. Katikati panabaki shimo. Maji ya mvua yanatulia shimoni badala ya kuuporomosha mlima, na majani yakioza yanakuwa mbolea. Wataalamu wa kilimo wamekuja kutoka vyuo vikuu, hata kutoka Japani, kuisoma kazi hiyo.

Nani alichimba shimo la kwanza? Jina hakuna. Hakuna sanamu, hakuna noti. Lakini bila yeye mimi nisingekuwapo, maana waliokimbia wangekufa kwa njaa huko huko walikookokea.

Waandishi chipukizi wenzangu, Washington ana wa kumwandika, tena wengi. Kama una bibi au babu Litembo, Lituhi au Mbamba Bay, chukua daftari uende. Usiende kuuliza juu ya wafalme peke yao. Uliza ni nani alimfundisha mama yake kushika jembe. Na akianza kusema jambo ambalo baba yako hapendi kulisikia, usimkatize. Andika.