Bwana, Mwinyi na Mlinzi wa Mkate

Nilipokuwa darasa la sita, mama nasi wanawe tulifukuzwa katika chumba tulichopanga, kwa sababu kodi ya miezi miwili haikuwa imelipwa. Juma lilo hilo mwalimu wa Kiingereza alitufundisha maneno mawili: lord, ambaye ni Bwana tunayemwomba kanisani, na landlord, ambaye ni mwenye nyumba. Jioni nilirejea kwa jirani aliyetuhifadhi nikiwa na swali nisilothubutu kulitamka: iweje Mungu na mtu aliyevitoa vyombo vyetu nje washiriki jina moja?

Swali hilo limenifuata hadi katika ukumbi wa mihadhara. Mwanafunzi anayefasiri tamthilia za Shakespeare hukutana na neno lord mara kwa mara, na kila mara hulazimika kuchagua. Aitwaye hivyo aweza kuwa mfalme, kabaila, mume asemeshwaye na mkewe, au Mungu mwenyewe. Kiswahili huligawa neno hilo: Mola, Bwana, mwinyi, mheshimiwa, mwenye nyumba. Aghalabu mgawanyo huu huchukuliwa kuwa usumbufu wa tafsiri. Mimi nauona kuwa ni uhakiki.

Hebu tuiangalie asili ya neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa hlafweard, yaani mlinzi wa mkate. Mwenziwe, lady, lilitokana na neno lenye maana ya mkandaji wa unga, na mtumishi wao aliitwa mla mkate. Ubwana, basi, ulifungamana na wajibu wa kulisha. Neno hilo lilipofanywa kisawe cha dominus la Kilatini, lilikutana na asili nyingine, kwani dominus lina uhusiano na domus, nyumba. Leo Mwingereza wa kawaida hauoni tena mkate ndani ya lord.

Kiswahili nacho hakina haki ya kujigamba. Mwinyi ni ndugu wa mwenye. Ukuu wake umejengwa juu ya umiliki. Bwana tumemwita Mungu, mume na mkoloni pia. Na katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ya karne ya 19, bwana aliishi kwa jasho la mtwana. Huko mla mkate alikuwa bwana mwenyewe.

Kwa hiyo naona kwamba mfasiri asiulize cheo tu, bali aulize pia ni nani amlishaye nani. Mfalme Lear anapougawa ufalme wake na kubaki na wapiganaji 100 wa kulishwa na binti zake, bado anaitwa lord, ilhali amekwisha kuwa mla mkate. Tafsiri inayotumia neno moja la heshima tangu mwanzo hadi mwisho bila kulisikia badiliko hilo itakuwa imehifadhi cheo na kupoteza tamthilia.

Yule jirani alikuwa mjane muuza mandazi. Tulikaa kwake majuma matatu, tukila unga alioukanda kila alfajiri kabla ya sisi kuamka. Sikumbuki kumsikia mtu yeyote akimpa jina la heshima. Sisi watoto tulimwita shangazi.