Maji Yasiyokuwa Tayari

Wageni waingiapo nyumbani mwetu hapa Tegeta, jambo la kwanza walitazamalo ni chombo cha kioo kilicho karibu na dirisha, chenye maji, majani mabichi, na samaki wadogo wenye mikia ya rangi nyingi. Husema, "Mwalimu, kitu hiki chapendeza sana, nasi tutafanya vivyo hivyo." Twafurahi kusikia hayo, lakini hatupendi mtu aanze kama tulivyoanza sisi, maana mwanzo wetu ulikuwa wa kuua. Kwa hiyo twaandika habari hizi, ili atakaye kufuga samaki ajifunze kwa hasara yetu kabla ya kupata yake.

Binti yetu mwenye miaka 9 alikuwa ametusihi muda mrefu tumfugie samaki. Tukamwahidi kwamba akishinda mtihani wake atawapata, naye akashinda. Ahadi ni deni. Tukamwendea fundi wa vioo, akatukatia vipande vitano, akaviunga kwa gundi ya silikoni, chombo kikawa na urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30. Chombo cha kadiri hiyo huchukua lita 54, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, tulitafuta meza yenye miguu imara. Hesabu ndiyo kazi yetu. Tukadhani kwamba tumekwisha kujua yote.

Jumamosi asubuhi tukatia mchanga na maji ya bomba, na jioni ile ile tukatia samaki sita. Siku ya tatu walikuwa wakihema juu ya maji. Siku ya saba hakubaki hata mmoja. Binti yetu hakulia, aliuliza neno moja tu: "Baba, tuliwakosea nini?"

Hatukuwa na jibu. Twakiri kwamba tulimlaumu aliyetuuzia, kisha tukayalaumu maji. Sisi wenyewe hatukujilaumu. Tukakisugua chombo kwa sabuni, tukabadili mchanga, tukanunua samaki wengine wanne. Nao wakafa vile vile. Tangu siku hiyo binti yetu aligeuza kiti chake wakati wa chakula, asikione kile kioo.

Ndipo tulipoketi kusoma, jambo lililotupasa kulitanguliza. Tukafahamu kwamba samaki hutoa taka katika maji yale yale anamokaa, na taka hizo, pamoja na chakula kilichobaki na kuoza, hutoa sumu iitwayo amonia. Mtoni sumu hiyo huchukuliwa na maji mengi. Katika kioo haina pa kwenda. Lakini wako bakteria wasioonekana kwa macho, ambao Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, aliwachunguza yapata mwaka 1890. Aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana, na nitrati hiyo huwa mbolea ya majani. Wafanya kazi hawa hukaa juu ya mchanga, mawe na majani, nao huongezeka polepole, hata chombo kipya huhitaji majuma kadhaa. Sisi tulipokisugua kwa sabuni tuliwafukuza wale wachache waliokuwa wameanza kazi. Tena maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi. Ni jema kwetu tunywao, bali ni baya kwa samaki na kwa bakteria hao.

Tulisoma pia habari za Robert Warington, mkemia wa London. Mwaka 1849 aliweka samaki wawili na majani ya majini katika chombo kimoja, apate kujua kama vitasaidiana. Majani yaliwapa samaki oksijeni, lakini yale yaliyochakaa yakaoza, na maji yakachafuka. Akaongeza konokono walao uozo, ndipo maji yakatakata. Na mwaka 1850 habari zake zikachapishwa. Tulifarijika kuona kwamba hata mtaalamu hakupata yote mara ya kwanza.

Basi tukaanza mara ya tatu. Mawe na mchanga wa upande wetu mara nyingi huwa na chokaa. Kilima cha Wazo, kichimbwacho kwa ajili ya saruji, ni ushahidi wa hayo. Tukadondosha siki juu ya kila jiwe, na lililotoa povu tukaliacha, kwa kuwa chokaa huyafanya maji kuwa magumu, na majani mengine hayapendi. Maji tuliyaacha kwanza katika ndoo wazi, klorini ipate kutoka. Majani tuliyapata kwa mfugaji wa samaki, wala hatukuyachuma dimbwini, maana konokono wengine wa madimbwi yetu hueneza kichocho. Kisha tukangoja bila samaki, tukitia chakula kidogo kila baada ya siku mbili, kioze na kuwalisha bakteria.

Mama jirani alipoona maji matupu akasema, "Mwalimu, kumbe mwafuga mbu!" Hakukosea kuogopa. Mwaka 2019 homa ya dengi iliwapata watu wengi hapa Dar es Salaam, na mbu waienezao hutaga katika maji yaliyotuama majumbani. Tukafunika chombo kwa kipande cha chandarua.

Juma la pili maji yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Tulitamani kuyamwaga, tukajizuia. Juma la nne yakatakata yenyewe, na majani yakachipua. Jioni moja tuliona kiti cha binti yetu kimegeuzwa tena, kinakielekea kioo. Juma la sita tukatia samaki wawili tu. Wakaishi. Baada ya majuma mawili tukaongeza wanne. Sasa kila juma twatoa robo ya maji na kutia mengine yaliyokaa katika ndoo, wala mchanga hatuuoshi kwa sabuni kamwe.

Samaki hawa ni gapi, ambao asili yao ni Amerika ya Kusini. Hawatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai, tena wengi. Wakizidi, wasimwagwe mtoni, maana si wa mito yetu na wanaweza kuwadhuru samaki wenyeji. Chakula wakipendacho mno ni viluwiluwi vya mbu.

Mama jirani aliposikia hayo alikuja na kopo, akaomba samaki watatu wa kutia katika pipa lake la kumwagilia bustani. Binti yetu akamwamkia, kisha akamwuliza, "Mama, pipa lako limeoshwa lini?"

"Leo asubuhi, mwanangu, kwa sabuni, likang'aa."

"Basi, Mama, uniwie radhi, leo sitakupa. Lisuuze vizuri, ulijaze, ulifunike kwa chandarua, kisha ungoje kama tulivyongoja sisi. Nitakuwekea watatu wako."

Nasi tulikuwa tumekwisha kushika wavu mkononi, tukaurudisha mahali pake.