Kile Kipande Nilikata Kwenye Video ya Gitaa

Juzi kijana mmoja wa Kitale alinitumia picha. Gitaa la marehemu babake, na karibu na tundu la sauti doa jeupe ukubwa wa kiganja. Chini ameandika: "Buda, nimefanya vile ulifanya. Sasa hii natoa aje?"

Manze, nilikaa na hiyo simu mkononi kama dakika kumi. Doa lake nalijua. Langu liko pale pale, nililifunika na stika.

Wacha nianze mwanzo. Gitaa langu nililinunua mtumba hapo Kitale, kwa jamaa aliyekuwa anahama nyumba. Mtu alikuwa amelipaka rangi ya mafuta nyeupe, ile ya madirisha, mpaka ndani ya tundu. Ukipiga waya, linatoa sauti ya debe lililofunikwa blanketi. Mimi nikaona video tu: mwanzo bovu, mwisho moto, sekunde sitini. Nikalipakata kwenye matatu, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, mpaka Bungoma, kichwa cha video tayari ninacho.

Upande wa Kanduyi kuna fundi wa fanicha tunayejuana. Nikamwomba kona ya karakana na mashine yake ya msasa. Yeye akaligonga gitaa kwa kidole, akachungulia ndani kwa tochi ya simu yangu.

"Kijana, hii ni mbao nzima ama plaiwudi?"

"Mzee, si mbao ni mbao?"

Akacheka, akanionyesha ukingo wa tundu. Matabaka matatu, kama mkate uliotiwa kitu katikati. Plaiwudi ni mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, nyuzi za moja zikikatiza za nyingine. Ile ya juu, yenye sura nzuri, inaweza kuwa haifiki hata milimita moja. Ukiipita, hairudi.

"Mashine hapana," akasema. "Toa rangi polepole, halafu msasa wa mkono. Siku nne, tano hivi."

Siku tano na mimi nimeahidi watu video Ijumaa!

Siku ya kwanza nilitii. Nikavaa glavu, nikakaa nje kwa sababu ile dawa ya kutoa rangi harufu yake si mchezo, nikapaka, nikangoja rangi ifure, nikakwangua na kadi kuukuu ya plastiki. Chini ya ile nyeupe kukatokea kahawia iliyoiva vizuri. Na kando ya tundu, sehemu iliyolainika, imeliwa kidogo na vidole. Kuna mtu alilipiga hili gitaa miaka mingi.

Kwa watu wa huku hiyo si kitu kidogo. Wabukusu wana litungu, nyuzi saba. Gitaa lilipofika Magharibi, likapata mtindo wake, omutibo: kidole gumba kinabeba besi, vingine vinaimba, mwenzako anagonga chupa ya soda. George Mukabi, aliyefariki 1963, alikuwa moto wa hiyo kitu. Sijui aliyelipiga gitaa langu alikuwa nani, lakini vidole vyake vilikuwa pale.

Kesho yake fundi akaenda mazishi. Mimi nikawasha mashine.

Sekunde ishirini, pengine hazikufika. Kahawia ikaisha, mbao nyeupe ikachungulia, nyuzi zake zimelala upande mwingine kabisa. Na nilikuwa nimeanzia wapi? Pale pa vidole.

Fundi aliporudi hakunigombeza. Aliangalia tu, akauliza, "Sasa umemaliza?" Halafu akaniketisha. Msasa namba 120, 240, mwisho 400, daima kufuata nyuzi za mbao. Futa vumbi. Vanishi isiyong'aa, imechanganywa na thina, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Akanieleza kwamba uso wa gitaa ndio hutetemeka utoe sauti, kwa hivyo ukiulemeza na rangi nzito, unaukaba koo. Kweli, tulipofunga nyaya mpya sauti ilifunguka. Hapo sikudanganya.

Nilidanganya kwa kukata. Kwenye video mliona mashine ikinguruma, kwa sababu inapendeza kwa kamera, halafu gitaa likiwaka juani. Zile siku za msasa wa mkono hamkuziona. Doa hamkuliona. Mkaandika "Umeweza!" nami nikanyamaza. Kumbe kuna mtu alikuwa anachukua masomo.

Hizi video za "kabla na baada" ndizo zinatufunza kila kitu siku hizi, na katikati hakuna anayeionyesha. Katikati ndiko gitaa la mtu huharibikia.

Nilimpigia yule kijana, nikamwambia ukweli. Jumamosi tulikutana Kanduyi na magitaa yote mawili. Fundi akasema doa halitoki, labda kulipaka rangi ya mbao lifiche sura kidogo. Lakini gitaa litalia. Kijana akauliza kama babake angekasirika. Fundi akamwambia, "Kama alikuwa anapiga kweli, angeuliza kwanza linalia aje."

Ile video nimeitoa. Nyingine inakuja, ndefu, na mashine itakuwepo, pamoja na ilichofanya. Stika nimeshaibandua.

Na wewe uliye na kitu cha mbao cha mzee wako hapo nyumbani: kabla ya msasa, angalia ukingo.