Mtu wa Nyumba ya Buluu

Watu huniuliza nani aliyenifunza ushairi, nami kwa miaka mingi nimejibu kuwa sikufunzwa na mtu. Jibu hilo lina majivuno ndani yake, tena si la kweli.

Mwaka 1985 nilitoka Makunduchi na sanduku langu la bati, nina umri wa miaka 14, nikaingia skuli ya dakhalia. Watoto wa mjini walikicheka Kikae changu. Nikisema neno, wao hulirudia kwa kejeli, mwishowe nikaona bora ninyamaze.

Siku ya tatu tuligawiwa nyumba nne: Nyekundu, Buluu, Kijani na Manjano. Utaratibu huo asili yake ni skuli za bweni za Uingereza, ambako wanafunzi walilala katika nyumba mbalimbali, kila nyumba na msimamizi wake. Kwetu kila jambo lilikuwa na alama: usafi wa vitanda, mpira, mbio, mdahalo na mashairi. Mwisho wa mwaka nyumba yenye alama nyingi ilikabidhiwa ngao. Ajabu yake ni kuwa kijana wa Nyekundu aliyenicheka asubuhi, jioni alinishikia ndoo ya maji, maana kitanda changu kikiwa kichafu alama zampotea na yeye. Udugu wetu ulianzia hapo, katika hasara ya pamoja. Mapenzi yalifuata baadaye.

Muhula wa pili kiranja wetu aliniagiza nitunge shairi la kuwachokoza Buluu. Nikatunga beti saba. Katika ubeti wa tano nilimtia kijana mmoja wa Buluu mwenye kigugumizi, nikauiga usemi wake kwa kuikatakata mizani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tukapata alama, nami nikabebwa juu juu. Usiku ule nililala nikiwa mtu wa kwao. Sikufikiri kuwa yuko mwengine ambaye huenda hakulala.

Mwalimu aliyesimamia mashairi hakunikaripia. Aliniuliza tu:

“Wewe si mtu wa Makunduchi? Siku ya Mwaka Kogwa mnapigana na nini?”

“Migomba, maalim.”

“Mbona si mipera?”

Nikakosa la kusema. Kila Julai watu wa pande mbili za kwetu hutandikana kwa migomba, huku wanawake wakiimba nyimbo za kurushiana maneno. Kibanda cha makuti huchomwa moto, kisha watu hula pamoja. Mgomba huuma, lakini hauvunji mfupa, na kwa hivyo waliopigana mchana huweza kukaa sinia moja jioni. Ubeti wangu wa tano ulikuwa mpera.

Wiki mbili baadaye Buluu walijibu. Aliyetunga ni kijana yule yule. Aliyesoma ni mwenziwe. Niliinama nikingoja kupigwa. Hakunitukana. Alishika vina vile vile vyangu, akaonesha, ubeti baada ya ubeti, wapi nililazimisha kina na wapi mizani ilizidi. Alipofika ubeti wa tano alinitaja kwa jina, akanisamehe, na neno alilolitumia kunisamehe lilikuwa la Kikae. Yeye ni mtoto wa mjini. Bila shaka alikwenda kuliuliza. Siku ile Buluu walishinda, nami nikapiga makofi.

Skuli sikuimaliza. Mwaka 1987 baba alifariki, nikarudi nyumbani kulima. Walionisindikiza hadi kwenye gari ya abiria walikuwa wa nyumba zote mbili. Niliiomba karatasi ya jibu lile, nikapewa, nikaisoma mpaka ikachanika mikunjoni. Kanuni za utunzi nilizichota humo, moja baada ya moja, kutokana na makosa yangu mwenyewe. Hata leo, nikiwa katika kutafsiri, nikalifikia neno linaloweza kumvunja mtu, husita kwanza nikalipima: mgomba au mpera?

Basi anayetaka kujua nani aliyenifunza, jibu langu nimelibadilisha. Ni mtu wa Nyumba ya Buluu.