Safari ya Ruaha Mbuyuni

Ilikuwa alfajiri ya Jumamosi, mwezi wa nane, mjomba aliponichukua katika safari ya chama chao cha wenye magari ya zamani. Tuliondoka Morogoro magari saba, Milima ya Uluguru ikiwa bado imejifunika ukungu.

Ubishi ulikuwa mmoja tu: Land Rover ya mjomba ikae wapi? Ilikuwa na mwendo wa kobe, na wengi walitaka ifuate nyuma.

"Mzito akiwa nyuma huachwa," mjomba alisema. "Akiwa mbele, nani atapotea?"

Wakakubali shingo upande. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambamo barabara kuu hukatiza kwa takribani kilomita 50, manung'uniko yalikoma; humo mchana hairuhusiwi kuzidi kilomita 70 kwa saa, na twiga walionwa na kila gari.

Tulipoupita mji wa Mikumi, nchi ilibadilika. Uluguru hunyeshewa na pepo za Bahari ya Hindi, lakini bonde la Ruaha Mkuu ni kavu. Mibuyu, minene kama nyumba, ilisimama bila jani hata moja, vilima kwa vilima. Sijaona ukame mzuri kama ule.

Ruaha Mbuyuni nilishuka nikahesabu magari: saba. Mjomba alikuwa ameshaanza kupatana bei ya vitunguu.