Neno "kawaida" kwenye karatasi ya garanti

Mama yangu anauza samaki wa barafu katika komine ya Katuba. Mwaka 2021 alinunua kongelatere yake ya kwanza isiyo ya mtumba, ya lita 200, kwa dola 320. Muuzaji alimweleza kwamba kiwanda kinatoa garanti ya miezi 12, kisha akaongeza: "Mama, ukileta dola 60 juu, unapata miaka mbili ingine. Utalala bila mawazo."

Mama alinigeukia. Nilikuwa nimeanza mwaka wa kwanza wa masomo ya lugha, na nyumbani kila karatasi ya Kifaransa ilipita mikononi mwangu.

"Papa, ile karatasi inasema nini?"

Ilikuwa ukurasa mmoja wa herufi ndogo. Niliusoma nikiwa nimesimama, muuzaji akingoja na kalamu mkononi. Nilimwambia mama kwamba chombo kikiharibika katika matumizi ya kawaida watakitengeneza bure. Akalipa. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi neno kwa neno, na bado nilimdanganya.

Mwezi wa 15, umeme ulikatika tangu asubuhi. Uliporudi usiku ulirudi kwa nguvu, taa zikawaka nyeupe kupita kiasi, televisheni ya jirani ikaungua, na kongelatere yetu ikanyamaza. Ndani mlikuwa na katoni mbili za tomson. Kesho yake fundi wa duka alikuja, akaifungua, akasema kompresa imeungua kwa sababu ya umeme kuzidi, na jambo hilo halimo katika garanti. Alituonyesha mstari. Ulikuwapo siku ile niliyosoma. Niliuona na kuupita, kwa sababu niliuchukua kama maneno ya kujaza ukurasa.

Kubadilisha kompresa kulitugharimu dola 120. Zilitoka katika pesa za ada yangu, na kipindi kile cha kwanza sikufanya mitihani.

Nimelifikiria neno lile moja muda mrefu. Mwandishi wa karatasi, popote alipo, anaposema "matumizi ya kawaida" ana picha ya nyumba yenye volti 220 mchana na usiku, ambako chombo huwashwa siku ya kununuliwa na kuzimwa siku ya kuhama. Kawaida ya Katuba ni nyingine. Umeme unakwenda na kurudi, unashuka hadi taa zinakuwa nyekundu, unapanda ghafula. Kamusi ilinipa neno linalolingana, lakini hali mbili zinazotajwa na neno hilo hazilingani. Katika kozi ya tafsiri tunajadili mambo hayo kwa kutumia methali na majina ya vyakula. Mimi niliyajifunza kwa katoni mbili za samaki.

J. L. Austin, katika mihadhara aliyotoa Harvard mwaka 1955, alionyesha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda: kuahidi, kubatiza, kuweka dau. Ili tendo lifanikiwe, masharti yake yatimie: msemaji awe na mamlaka, na mazingira yawe yale yanayotakiwa. Garanti ni tendo la aina hiyo. Muuzaji alipotamka "utalala bila mawazo" alifanya kama anaahidi, lakini aliyetakiwa kutimiza alikuwa mwingine, katika mazingira ambayo hayakuwa yetu. Tazameni pia maneno yenyewe. Katika Kifaransa, "garant" ni mtu anayejibu kwa ajili ya mwingine. Katika Kiswahili, dhamana ina mdhamini. Kwenye karatasi ya mama sikuona jina la mtu hata mmoja.

Je, basi, kuongeza garanti ni upumbavu? Sitaki kujibu kwa hasira ya dola 120. Tuhesabu. Ikiwa tengenezo kubwa linagharimu dola 120 na nyongeza ni dola 60, nyongeza inalipa tu kama uwezekano wa kuharibika ndani ya miaka ile miwili unazidi nusu, na tena kuharibika kwa namna inayokubaliwa na karatasi. Mafundi wa mitambo wanajua kwamba chombo chenye kasoro ya kiwandani mara nyingi hujionyesha mapema, katika miezi ya kwanza, na kwamba uchovu wa vipuri huja baada ya miaka mingi. Miezi ya mwanzo inabebwa na garanti ya kiwanda, ambayo bei yake imo tayari katika bei ya chombo. Miaka ya uzee haibebwi na yeyote. Nyongeza inauzwa kwa ajili ya kipindi cha katikati, ambacho ndicho kitulivu zaidi.

Tena, kuna ulinzi ambao mnunuzi anao bila kulipa. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo wenzetu wa kitivo cha sheria wanaisoma hadi leo, inamtaka muuzaji kujibu kwa kasoro zilizofichika katika kitu alichouza. Inabidi kasoro iwe ilikuwapo siku ya kuuza, na mnunuzi asikawie kulalamika. Sikuwahi kusikia muuzaji akilitaja.

Nilipomweleza mama hesabu hiyo, alinijibu jambo ambalo sikuwa nimeliweka katika hesabu. "Weye unahesabu kwa karatasi. Miye naogopa siku moja. Dola 60 naweza kuzitafuta pole pole. Dola 120 kwa siku moja, nitazitosha wapi?"

Ana haki. Bima haikutengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye akiba. Inamfaa yule ambaye hasara moja inaweza kumwangusha, na mama yangu ni mmoja wao. Kama karatasi ile ingebeba hatari aliyokuwa akiiogopa, ningemshauri anunue hata kwa bei mbaya. Tatizo ni kwamba aliogopa umeme, akauziwa ulinzi dhidi ya kiwanda.

Mwaka jana, biashara ilipokua, alinunua kongelatere ya pili. Muuzaji alikuwa mwingine, maneno yalikuwa yale yale. Safari hii niliomba kiti, nikaketi, nikasoma mstari kwa mstari kwa sauti, nikimweleza mama kwa Kiswahili cha nyumbani, nikiuliza maswali matatu: umeme ukizidi, nani analipa? Usafiri wa kupeleka chombo kwa fundi, nani analipa? Na samaki wakioza? Kwa maswali yote matatu jibu lilikuwa "mama mwenyewe". Wateja wawili waliokuwa nyuma yetu walinyamaza kusikiliza. Muuzaji hakufurahi.

Hatukununua nyongeza. Kwa dola 45 tulinunua stabilizatere, kile kisanduku kinachosawazisha umeme na kuuchelewesha dakika chache unaporudi, kwa sababu kompresa inayolazimishwa kuanza upya mara tu baada ya kuzimika huumia. Dola 15 zilizobaki mama alizianzisha kama mfuko wa kompresa, na katika likelemba yao ya sokoni walikubaliana kwamba mwenye chombo kilichokufa anaweza kupewa zamu ya mwenzake. Hapo wadhamini wanajulikana kwa majina, na wanakutana kila Jumamosi.

Kongelatere ya pili bado inafanya kazi. Hilo halithibitishi lolote, kwa maana huenda ingefanya kazi bila kisanduku, na huenda ikafa kabla makala hii haijachapishwa. Ninachojua ni kwamba mama sasa hakubali kuweka sahihi nikiwa nimesimama. Wiki iliyopita jirani alileta karatasi ya mashine ya kufulia, na kabla sijaanza kusoma, mama alinisogezea kiti.